Kupanda Mbeya, Kushuka Kyela: Historia ya Kuulizana Njia



Idhaa ya Kiswahili ya NHK, redio ya taifa ya Japani, huwafundisha wasikilizaji wake Kijapani cha kuanzia. Mimi ni mmoja wa wanaoyafuata masomo hayo, hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Kama ilivyo desturi ya kila anayejifunza lugha ya kigeni, baada ya salamu na kujitambulisha, mwanafunzi hufikishwa kwenye somo la kuuliza njia. Hufundishwa kusema, “Sumimasen, eki wa doko desu ka?”, yaani, “Samahani, stesheni iko wapi?” Kisha hufundishwa kulielewa jibu: “Massugu itte, migi ni magatte kudasai.” Nenda moja kwa moja, kisha tafadhali pinda kulia.

Ni somo dogo, na mwalimu mwenye haraka hulimaliza kwa nusu saa. Mimi limenichukua miezi, si kwa ugumu wa Kijapani, bali kwa sababu kila neno la Kijapani lilinirudisha kwenye neno la Kiswahili ambalo nimelitamka maisha yangu yote bila ya kulihoji. Kwa nini kulia ni “kulia”? Kwa nini kaskazini inaitwa hivyo katika nchi ya milima isiyojua bahari? Na kwa nini jirani zangu hawasemi hata kaskazini, bali husema “panda” na “shuka”?

Hoja nitakayoitetea ni hii: maneno ya kuelekezea njia hutunza historia ya safari za watu, na namna ya kuuliza hutunza historia ya uhusiano wao. Sasa nyumba zetu zimekwisha kupewa namba na mitaa yetu imewekewa vibao. Inafaa basi tujue ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho hatarini.

Mkono unaolia chakula

Tuanze na mwili, kwa maana ndio ramani ya kwanza ya mwanadamu.

Kulia, katika “mkono wa kulia”, si kulia kwa machozi. Ni kitenzi kula katika kauli ya kutendea: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Lugha nyingi za Kibantu zimeupa upande huo jina lenye mzizi huo huo wa kula. Kizulu, kwa mfano, huuita kwa jina linalotokana na mkono wa kulia chakula. Kumbe dereva wa bodaboda anayeambiwa “kata kulia” pale sokoni anaelekezwa kwa desturi ya mezani, desturi iliyo ya kale kuliko barabara yoyote ya nchi hii.

Mtoto wa Kijapani naye hufundishwa hivyo hivyo. Akichanganya migi na hidari, yaani kulia na kushoto, mzazi humwambia kwamba migi ni upande wa mkono unaoshika vijiti vya kulia, na hidari ni upande wa mkono unaoshika bakuli la wali. Sisi tumelitia jambo hilo ndani ya neno lenyewe. Wao wameliacha liwe mafunzo ya mezani. Lakini wote tumeanzia mahali pamoja, kwenye chakula.

Kiswahili kilikuwa na jina jingine la upande huu: mkono wa kuume, mkono wa kiume. Katika lahaja za kaskazini mwa pwani husemwa pia mkono wa kuvuli, na mvuli ni mwanamume. Wa pili wake ni mkono wa kike, au wa kushoto. Majina haya yana hukumu ndani yake: upande wa nguvu ulipewa mwanamume, na upande uliobaki akapewa mwanamke. Kuume kumekwisha kutoweka katika mitaa yetu. Hapa Tukuyu sijapata kumsikia mtu akielekezwa “pinda kuume”. Hata hivyo, kila Jumapili neno hilo hutamkwa na maelfu ya watu katika makanisa ya Kimoraviani na ya Kilutheri ya wilaya hii, kwa kuwa Biblia na kanuni ya imani zimelihifadhi katika mkono wa kuume wa Mungu. Neno limeondoka barabarani likahamia madhabahuni. Mshairi mwenye kutafuta kina cha “-me” na alijue hilo: analo neno lililo hai, ila limehama makazi.

Pepo zilizopanda mlima

Baada ya mwili, upepo. Huu ndio urithi mkubwa wa pwani katika maneno yetu ya njia.

Kaskazi ni upepo wa msimu unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani kuanzia Desemba hadi Machi, ule uliovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ni upepo unaovuma kutoka kusini, kuanzia Aprili, ule uliovirudisha. Ukiongeza kiambishi cha mahali “-ni”, unapata kaskazini na kusini: mahali kunakotoka kaskazi na mahali kunakotoka kusi. Mabaharia walikuwa na mengi zaidi. Walikuwa na matlai, upande wa mapambazuko na upepo wake. Walikuwa na upande wa joshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda. Walikuwa na kibla, ambayo kwa mtu wa pwani yetu iko upande wa kaskazini, kwa kuwa Makka iko huko. Hivyo wazee wa pwani waliweza kusema kibla na kumaanisha kaskazini yenyewe. Mashariki na magharibi tulivipata katika Kiarabu, kwa mizizi ya kuchomoza na kutua kwa jua, ingawa tulikuwa tayari na macheo na machweo ya kwetu.

Tena Kijapani hakiko mbali. Mashariki kwao ni higashi, na umbo lake la kale ni himukashi. “Hi” ni jua na “muka” ni kuelekea. Kuhusu “shi” ya mwishoni, wapo wanaisimu wanaoifasiri kuwa ni upepo, na kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika nishi, magharibi, na katika arashi, dhoruba. Ikiwa tafsiri hiyo ni sahihi, basi mataifa mawili ya pwani, yasiyojuana, yaliipima dunia kwa mashavu yao: upepo unanipiga upande gani?

Lakini Rungwe si pwani. Mlima Rungwe una kimo cha karibu meta 2,960. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi mzima unaweza kupita tusilione jua liking’aa kutoka asubuhi hadi jioni. Mtu wa hapa hakuwahi kungoja kaskazi imletee jahazi. Basi maneno haya ya upepo yalifikaje huku?

Yalifika kwa miguu. Mwaka 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza ulitoka Dar es Salaam kuelekea ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki njiani huko Behobeho, na kijana Joseph Thomson, aliyekuwa na umri wa miaka 21, akashika mahali pake. Vitabu vingi humtaja Thomson. Aliyewaongoza wapagazi ni James Chuma, Myao aliyesafiri na Livingstone na ambaye, pamoja na Susi, aliuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Msafara huo ulipopita katika nchi za Wanyakyusa, Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha yake ya kila siku: ya kugawa mizigo, ya kuamkia safari, na ya kutafuta njia kwa msaada wa wakalimani.

Misafara ya namna hiyo ilikuwa na kirongozi, mtu wa mbele, na neno hilo ni ndugu wa kiongozi tunayempigia kura leo. Wasafiri wa karne ya 19 wameeleza jinsi watu wa mbele walivyowasaidia wa nyuma kwenye njia panda: walichora mstari kwa mguu au kwa mkuki kukatiza njia isiyofaa, au wakatupa matawi juu yake, ili atakayefuata ajue kwamba huko siko. Hayo yalikuwa maelekezo yasiyo na sauti. Naona kuna funzo la utunzi ndani yake: kiongozi mwema huonyesha pa kwenda, na pia huziba pa kupotelea.

Neno dira nalo lilifanya safari kama hiyo. Lilikuwa sanduku dogo la nahodha lenye sindano inayotafuta kaskazini. Baadaye tukawa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na sasa Dira 2050. Chombo cha baharini kimepanda hadi Dodoma, na wengi wanaolitamka neno hilo bungeni hawajapata kuishika dira mkononi.

Tukuyu na Kyoto

Maneno ya pwani yalipofika Rungwe yalikuta nchi yenye mpangilio wake. Atokaye Mbeya huiacha barabara kuu ya Zambia pale Uyole, akapanda hadi mabegani mwa mlima kule Isongole, kisha akateremka kupitia Kiwira hadi Tukuyu. Akiendelea mbele, huteremka tena, migomba na chai vikimsindikiza, hadi joto la Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Mlima uko kaskazini mwa mji. Ziwa liko kusini. Kwa hiyo hapa juu na kaskazini ni kitu kimoja, na chini na kusini ni kitu kimoja.

Ndiyo maana husikii mtu wa Tukuyu akisema “naelekea kaskazini”. Husema “napanda Mbeya” au “nashuka Kyela”. Hata ndani ya mji, “panda kidogo, utaiona” ni jibu kamili, na mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyezoea nchi tambarare, husimama akijiuliza apande nini. Kaskazini na kusini tumeviachia walimu wa jiografia na watabiri wa hali ya hewa.

Nilidhani mtindo huu ni wa kwetu watu wa milimani peke yetu, hadi masomo ya Kijapani yaliponifikisha Kyoto. Mji ule ulianzishwa mwaka 794 kuwa makao makuu ya mfalme, na mitaa yake ilinyooshwa kama mistari ya daftari. Hadi leo anwani za Kyoto huandikwa kwa vitenzi. Baada ya kutaja njia panda, mwandishi wa anwani huongeza agaru, “kupanda”, akimaanisha kwenda kaskazini. Au sagaru, “kushuka”, akimaanisha kwenda kusini. Kwa mashariki na magharibi husema “ingia mashariki” na “ingia magharibi”. Ardhi ya Kyoto huinuka kuelekea kaskazini, na kasri la mfalme lilikuwa upande huo huo wa kaskazini. Maumbile na heshima vilikubaliana.

Katika reli zao ubishi huo umekwisha: heshima imeshinda maumbile. Treni iendayo Tokyo huitwa nobori, ya kupanda, na itokayo huko huitwa kudari, ya kushuka, hata kama njia yenyewe inateremka. Zamani, Kyoto ilipokuwa makao ya mfalme, “kupanda” kulikuwa ni kwenda Kyoto.

Nimejiuliza kama na sisi hatufanyi hivyo. Tunaposema “kupanda Mbeya”, ni mlima tu unaosema, au pia ni mkoa? Ofisi kubwa ziko Mbeya, hospitali ya rufaa iko Mbeya. Mtu wa Kyela hupanda Tukuyu, wa Tukuyu hupanda Mbeya, na wote hao husema “kwenda Dar es Salaam”, kamwe si kupanda, wala si kushuka, ingawa Dar es Salaam iko chini kabisa, usawa wa bahari. Kwa hiyo kitenzi chetu hakijauacha mlima kama cha Wajapani kilivyouacha. Lakini kimeanza kuelekea huko, na mwenye sikio la lugha na alisikilize vizuri.

Nani anauliza, na kwa nini

Hadi hapa nimesema juu ya maneno. Sasa niseme juu ya swali lenyewe, maana kuuliza njia hakukuwa jambo jepesi katika nchi hii.

Misafara iliyofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa katika karne ya 19 haikuwa ya wachunguzi na wamisionari peke yao. Walikuwako pia wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Huko Karonga, upande wa pili wa mpaka wa leo, Mlozi aliijenga ngome yake, na vita vyake na Kampuni ya Maziwa ya Afrika vilianza mwaka 1887. Watu waliokimbia vita hivyo walijua kwamba mgeni anayeuliza “kijiji kiko wapi?” anaweza kuwa anatafuta maji, na anaweza kuwa anatafuta watu. Kumwelekeza mtu ni kumpa sehemu ya usalama wa jirani yako.

Mwaka 1891 Wamoraviani walifika na kuweka kituo Rungwe, na Wamisionari wa Berlin wakafika mwaka huo huo. Serikali ya Kijerumani ilifuata. Ilianzia Langenburg, ufukoni mwa ziwa, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikahamia penye baridi ya Tukuyu na kupaita Neu-Langenburg. Wamisionari walijifunza na kuhubiri kwa Kinyakyusa; boma lilitumia Kiswahili pamoja na askari na maakida. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yaliyotokea upande wa kusini, yaliuchukua mji, na jina la Kijerumani likatoweka. Katika miaka hiyo yote Kiswahili cha barabarani kilisikika mara nyingi kama amri: onyesha njia, beba mzigo, tangulia.

Vitabu vya mazungumzo vya enzi ile vinashuhudia. Mwaka 1936, wakati dhahabu ya Lupa, kaskazini mwa Mbeya, ilipokuwa imevuta wachimbaji wengi, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha Kiswahili cha bara kilichorahisishwa, na katika jina lake alitaja waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Orodha hiyo inatosha kutuonyesha nani alikuwa muulizaji na nani alitarajiwa kujibu. Kiswahili cha namna hiyo kilizoea kuanza na kitenzi cha amri, na salamu ikaachwa nje ya mlango.

Ukilinganisha na desturi ya wenyeji, tofauti ni kubwa. Hapa Rungwe mtu haanzi na swali. Huanza na “Ugonile?”, umelalaje, na kwa mkubwa, au kwa mtu wa heshima, huwa “Mugonile?” kwa wingi. Akisha kujibiwa, ndipo aulize njia, na akielekezwa husema “Ndaga”, asante, au “Ndaga fijo” akiwa ameridhika sana. Katika Kiswahili chetu cha huku ni “Shikamoo, mama”, “Marahaba, mwanangu”, ndipo “naomba kuuliza”. Zingatia kitenzi hicho: hatuulizi, tunaomba kuuliza. Mwombaji amekiri kwamba anayeulizwa ana haki ya kukataa.

Na sumimasen ya Wajapani? Kitabu hukitafsiri kuwa “samahani”, na tafsiri hiyo yatosha. Lakini kwa asili neno hilo lina maana ya “jambo halijaisha”, yaani nimekwisha kuwa na deni kwako kabla hujanijibu. Sisi tunaomba ruhusa. Wao wanakiri deni. Njia mbili, adabu moja.

Kuna jambo jingine la kale ambalo linaelekea kusahauliwa. Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinaeleza vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walitoka kwa wazazi wao wakajenga pamoja, na kijiji kikawa cha marafiki wa rika hilo. Katika nchi ya namna hiyo, swali la “fulani anaishi wapi?” halijibiki kabla ya swali la “fulani ni wa rika gani?” Anwani ya mtu ilikuwa wenzake.

Hapa, hapo, pale

Niwaombe wanasarufi radhi kwa kurudi darasani kidogo, maana hapa ndipo Kijapani na Kiswahili hukaribiana kuliko nilivyotarajia.

Lugha nyingi za Ulaya humtosheleza mtu kwa maneno mawili, la karibu na la mbali. Kijapani kina matatu: koko, karibu nami, soko, karibu nawe, asoko, mbali nasi sote. La kuulizia ni doko. Hesabu yetu ni ile ile: hapa, hapo, pale, na wapi. Vijana wa Kijapani wa kujitolea, ambao wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960 na ambao hufundishwa Kiswahili kabla ya kuondoka kwao, hukuta hapo penye uwili wa “mimi na wewe” wanaoujua tangu utotoni.

Lakini Kiswahili kimepiga hatua zaidi. Kila moja ya maneno hayo limegawanyika mara tatu: pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali pa jumla, mu- ya ndani. Tunayo basi maneno tisa: hapa, hapo, pale, huku, huko, kule, humu, humo, mle. Mzee wa Kiwira akisema “pita pale, ushike kule, uingie mle”, amechora ramani kamili: kituo, mwelekeo na kichochoro. Akiivuta sauti, “kuleee”, amekwisha kukutajia na kilometa. Hakuna kibao chenye uwezo huo.

Majina nayo ni maelekezo. Kusini mwa mji kuna Ushirika, mahali palipochukua jina la chama, na konda anapolitaja huwa hafikirii tena habari za vyama. Mjini kwenyewe tuna kata ya Bagamoyo na kata ya Msasani, majina mawili ya pwani yaliyokaa kati ya Bulyaga, Makandana na Kawetele, majina ya hapa hapa. Anayeelekezwa “shuka hadi Bagamoyo” amepewa, kwa kitenzi cha mlima na jina la pwani, muhtasari wa historia niliyoisimulia.

Namba imefika

Tarehe 8 Februari 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, na kazi hiyo ilikwenda sambamba na maandalizi ya sensa ya Agosti mwaka huo. Nyumba zilipewa namba, mitaa na barabara zikapewa majina, na nguzo zenye vibao zikasimamishwa hadi vijijini.

Wapo wapenzi wa lugha wanaoiona kazi hii kuwa ni kifo cha maelekezo ya mdomo. Mimi sikubaliani nao. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa mvua anahitaji gari limfikie, na “panda kidogo, nyumba yenye mgomba” haitoshi katika nchi ambayo kila nyumba ina mgomba. Namba ni haki yake.

Tena Japani inatufunza. Mitaa yao mingi haina majina hata leo. Anwani hutaja eneo, kipande cha eneo, na namba ya nyumba. Zamani namba zilifuata viwanja, na viwanja vilivyogawanywa vilivuruga mfuatano hata mwenyeji akapotea. Ndipo mwaka 1962 wakatunga sheria ya kuzipanga upya anwani za mijini. Miaka zaidi ya 60 imepita, wana simu zenye ramani mkononi, na bado somo la kuuliza njia limo katika Kijapani cha kuanzia. Bado vipo vituo vidogo vya polisi, koban, vilivyoanza Tokyo mwaka 1874, ambako kazi mojawapo ya askari ni kumwelekeza mpita njia. Namba haikuua swali.

Kilicho hatarini, kwa maoni yangu, ni vitu viwili. Cha kwanza ni majina. Mtaa ukishawekewa kibao chenye jina lililotungwa kikaoni kwa haraka, jina la wazee hufifia, na pamoja nalo hupotea habari ya mti, ya kisima au ya mtu aliyekuwapo. Kamati za mitaa zina mamlaka ya kupendekeza. Mshairi na mwalimu wa lugha wana wajibu wa kuhudhuria. Cha pili ni adabu ya swali. Simu haiombi kuuliza, wala haisemi marahaba. Tukizoea kuielekea hiyo tu, tunaweza kurudi, bila ya kujua, kwenye Kiswahili kile cha amri kisichokuwa na salamu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na wakaonya kuwa njia ya mwongo ni fupi. Nimezunguka kwa sababu hiyo. Kama ilivyo ada ya ukumbi huu, naweka ubeti mmoja mezani, malenga waujibu kwa bahari hiyo hiyo na kituo hicho hicho. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa walio Pemba, Lamu na Kigoma: nyinyi, bila ya mlima wetu, mnapandaje na mnashukaje?

Nimefika kwa malenga, njia mnielekeze,
Mlima umenizinga, swali langu nieleze,
Pasipo bahari, tanga, jina lipi nitangaze?
Kuume nako ni wapi, mwenye kujua ajibu.